Picha Ziko Wapi?

Kama unataka kujua heshima yako mtaani ina uzito gani, tangaza safari. Ukisema unakwenda Dubai, watu wanasogeza viti karibu. Ukisema Guangzhou, wanaleta orodha ya simu, na vipimo vya miguu ya watoto wao kwenye vikaratasi. Ukisema unakwenda Komoro wanatazamana kwanza, halafu mmoja anajitolea kuuliza, kwa upole wa kumuuliza mgonjwa kama amekula: "Kuna nini huko?"

Swali hilo nimeulizwa na mke wangu, na bosi, na kinyozi, na dada wa kaunta ya tiketi ambaye analipwa mshahara ili anisafirishe. Lakini aliyenichefua ni shemeji. Shemeji yangu alikwenda Dubai miaka kadhaa iliyopita na mpaka leo hajarudi. Mwili upo, unakula ugali wetu, lakini kila sentensi inatua Dubai kwanza ndipo iendelee. Mvua ikinyesha utasikia, "Kule Dubai bwana, maji hayatuami." (Aprili 2024 maji yalipofurika Dubai mpaka kwenye uwanja wao wa ndege, sikusema neno. Nilikwenda kufurahi peke yangu jikoni.) Ana picha chungu nzima mbele ya Burj Khalifa. Jengo lina mita 828, simu haikuweza kulibeba, kwa hiyo kila picha ni shemeji amesimama mbele ya kioo. Ukiambiwa ni mlango wa benki pale Posta huna namna ya kubisha.

Mimi nina nadharia yangu. Wengi wetu hatusafiri kwenda kuona, tunakwenda kuhakiki. Jengo tumeshaliona kwenye simu ya fulani, jangwa tumeliona kwenye simu ya fulani mwingine, na yule ngamia tunamjua kwa sura. Tunalipa nauli ili tukathibitishe kwamba bado vipo, tupige picha ileile, turudi. Nchi ambayo fulani hajafika haihakikiki, kwa hiyo haipo.

Siku shemeji aliponiuliza, umeme ulikuwa umekatika, televisheni imezima, sina pa kukimbilia. Nikaamua kumjibu.

Nikaanza na Sudan Kusini. Juni 2024 yalitangazwa matokeo ya kuhesabu wanyama kwa ndege katika nyika za Boma na Badingilo na maeneo ya jirani: karibu milioni sita, swala kob wenye masikio meupe, nyamera, tohe na swala wa Mongalla, wote wanahama kufuata maji na majani. Nyumbu wetu wa Serengeti, hawa tunaowatangaza dunia nzima, ni kama milioni moja na laki tatu. Shemeji akaweka kikombe chini. Mtanzania unaweza kumsema kwa mengi, lakini usimguse nyumbu. "Nani kawahesabu?" Halafu, baada ya kufikiri, "Na huko si kuna vita?" Nikakubali, usalama wa kule si wa kupeleka familia. Ila hao swala hawakuandikishwa jeshini, wanapita tu.

Nikahamia Jibuti. Sisi tuna paa la Afrika na kila mgeni lazima aambiwe. Sakafu yake je? Iko Jibuti: Ziwa Assal, mita 155 chini ya usawa wa bahari, maji yake yana chumvi kuishinda bahari, ukingoni chumvi imeganda nyeupe unaikanyaga kwa viatu. "Kuna maduka?" aliuliza.

Eritrea. Mji wa Asmara, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2017 kwa ajili ya majengo ya enzi ya Waitalia. Kuna kituo cha mafuta cha mwaka 1938 kinaitwa Fiat Tagliero, kimejengwa kwa umbo la ndege, mabawa mawili ya zege yametokeza kushoto na kulia bila nguzo hata moja. Inasimuliwa kwamba siku ya kuondoa magogo yaliyoshikilia mabawa hayo mafundi waligoma, na mbunifu wake, Giuseppe Pettazzi, akatoa bastola ili kazi iendelee. Nilisimulia hadithi hiyo kwa mikono yote miwili. Shemeji akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yaani shemeji, mtu unapanda ndege kwenda kuangalia sheli?"

Turkmenistan nilimalizia kwa hasira tu. Shimo la gesi la Darvaza, jangwa la Karakum, linawaka tangu enzi za Wasovieti. Wanasema wachimbaji waliliwasha wakidhani litazima lenyewe baada ya siku chache. Anayetaka kuliona afanye haraka, maana moto wenyewe unafifia. "Shimo," shemeji alisema, akamtazama dada yake kwa huruma, kwa sababu dada yake ndiye aliyeolewa na mimi.

Burundi sikuifikia, na ilikuwa hoja yangu nzuri. Kule Rutovu kuna piramidi ndogo ya mawe juu ya chemchemi inayotajwa kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Mto Naili. Waganda wanapokea watalii wa chanzo cha Naili pale Jinja, Wanyarwanda wana chao msitu wa Nyungwe, na Warundi wamejenga piramidi, kwa sababu ukidai Naili usidai kwa maneno matupu. Na Burundi unaweza kwenda kwa basi! Hakuna anayekwenda. Mabasi yanarudi na wafanyabiashara wa vitenge na dagaa, hakuna hata mmoja aliyekwenda kuangalia chemchemi.

Basi nikaenda Komoro, nusu kwa hamu, nusu kwa ubishi.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Moroni ni saa moja na ushei hewani. Muda huo basi la Mwanza bado linapigana na foleni ya Kibaha. Ila nilipotajiwa nauli nilimuuliza dada wa kaunta kama ndege nzima nimeikodi mimi. Akasema hapana, mtakuwa wengi tu. Nikamuuliza hao wengi wanafuata nini kama huko hakuna kitu. Akaangalia kompyuta.

Ni kweli ndege ilijaa, lakini haikujaa sisi. Ilijaa Wakomoro wanaorudi kwao: akina mama na mabegi ya Kariakoo yaliyofungwa kamba mpaka yakakosa umbo, na wazee waliokuja kutibiwa wakiwa na bahasha kubwa za eksirei mapajani. Wakomoro wanaijua Dar kuliko baadhi ya watu wa Tabata. Sisi kwao tunapeleka vitunguu, viazi na ng'ombe. Nadhani ng'ombe wetu wameshafika Ngazija, kisiwa kilipo Moroni, kwa wingi kuliko watalii wetu, kasoro yao tu ni kwamba hawarudi kusimulia.

Na ukisema unakwenda Komoro, utashangaa ni majirani wangapi ni Wangazija na hukuwahi kuwauliza. Mzee mmoja wa mtaa wa pili, ambaye tumesalimiana miaka yote bila kuzidisha salamu, alikuja mwenyewe mlangoni. "Mwanangu, nasikia unakwenda nyumbani." Nikasema ndiyo mzee, nakwenda kutembea. "Basi nina kimzigo kidogo." Kimzigo kilikuwa na sufuria la presha, dawa za kisukari, viatu vya shule, na kilo kadhaa za vitu ambavyo aliniambia nisivifungue. Kwa hiyo nilipotua uwanja wa Hahaya, katikati ya mawe meusi ya volkano yaliyomwagika mpaka baharini, sikuwa mtalii. Nilikuwa yule mtu mwenye sufuria. Mpwa wa mzee alinitambua kwa sanduku.

Sasa niseme ninachojua kuhusu nchi ambazo watu hawaendi: hakuna kitu kinachokungoja. Hilo lina uzuri wake na lina adha yake. Nimekatiza vichochoro vya Badjanani, mji wa kale wa Moroni, mawe kwa mawe ndugu ya Mji Mkongwe wa Unguja, na hakuna hata mmoja aliyenifuata na michoro ya twiga. Hakuna aliyenisalimia "jambo". Nilisimama mbele ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani, ule mweupe wenye matao ukingoni mwa bandari, ulioanza mwaka 1427. Wazee wamekaa barazani wanazungumza, wakanijibu salamu, wakaendelea na mazungumzo yao. Lugha yao unaishika nusu, nusu nyingine inakuponyoka, na nusu inayokuponyoka ndiyo yenye bei. Kwa upande wa adha: choo cha wageni hakuna, ratiba hakuna, kadi ya benki ni pambo la pochi, na ramani niliyobeba ilikuwa inamchekesha kila niliyemwonyesha.

Mapinduzi? Ndiyo, hilo shemeji alinitumia ujumbe kuniuliza, tena kwa herufi kubwa. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na tarehe 3 Agosti serikali ikapinduliwa. Hata mwezi haukutimia, bendera ilikuwa bado ina mikunjo ya dukani. Baadaye akaja Bob Denard, mamluki wa Kifaransa, akawa anaingia na kutoka kwa bunduki miaka karibu ishirini. Siku zangu zote mimi nilichoshuhudia kupinduliwa ni sinia la wali.

Kwenye jumba la makumbusho la Moroni nilikwenda kumsalimia samaki. Huyu samaki, silakanti, wataalamu wa dunia walikuwa wameshamzika. Vitabu vilisema alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini, wasomi wakachanganyikiwa. Profesa J.L.B. Smith akakaa miaka kumi na nne akimtafuta wa pili, akasambaza vipeperushi vyenye picha ya samaki na ahadi ya pauni 100. Desemba 1952 akapatikana kisiwani Nzwani. Mvuvi Ahamadi Abdallah alikuwa ameshamvua na ameshampeleka sokoni, na kisu kiko karibu, mwalimu mmoja akamtazama samaki, akakumbuka kile kipeperushi. Waziri mkuu wa Afrika Kusini wakati huo, D.F. Malan, akatoa ndege ya jeshi ikamfuate maiti wa samaki.

Ninachokipenda katika habari hiyo ni wavuvi wenyewe. Wao walikuwa wanamjua miaka yote, wanamwita gombesa. Hawakuwa na habari kwamba amekufa. Malalamiko yao yalikuwa kwamba ana mafuta mengi na mezani hana maana. Yaani dunia nzima inalia msiba, wenyeji wanalalamikia kitoweo. Na kabla hatujawacheka Wazungu, tangu mwaka 2003 samaki huyohuyo amekuwa akinaswa kwenye nyavu za wavuvi wa Tanga, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari huko kwa ajili yake. Nina jirani mzaliwa wa Tanga, anajisifu kwao mpaka kwa machungwa. Nilipomwambia habari ya hifadhi hiyo aliniuliza iko wapi.

Nikampiga gombesa picha. Kioo kikarudisha mwanga, lakini anaonekana: mkubwa, magamba mazito, mapezi kama ameazima miguu, na uso wa mtu aliyeamshwa. Kumbukeni picha hiyo, maana ndiyo itakayonitetea.

Kupanda Karthala ndiko kulikonipotezea ukucha. Ni volkano hai, mita 2,361, na Wangazija wanaishi chini yake bila wasiwasi wowote unaoonekana. Nilikuwa na buti za mlimani za mtumba wa Karume, nimezilipia vizuri, muuzaji aliniapia zimefika Ulaya na kurudi. Kijana aliyeniongoza alikuja na kandambili. Tulianzia Mvouni kabla ya alfajiri, na mpaka jua linachomoza kandambili zilikuwa zimenitangulia kwa umbali wa kunisubiri kwa adabu. Njiani ni migomba, halafu msitu wenye unyevu, halafu miti mifupi iliyokakamaa, halafu mawe matupu. Maji nilibeba mwenyewe, kwa sababu Ngazija haina mto hata mmoja. Mwamba wake ni mchanga kwa umri, mvua ikinyesha unainywa yote. Watu wanategemea maji ya mvua wanayokinga kwenye matangi. Mlima ulipolipuka mwaka 2005 majivu yaliingia humo, na tatizo la watu likawa maji ya kunywa, si moto. Kijana alinisimulia hilo huku anatembea, pumzi zake zote ziko mahali pake. Mimi nilijibu kwa kichwa.

Juu kabisa kreta imefunguka, kilomita tatu kwa nne, kijivu, ina kishimo ndani ya shimo, na mvuke unatoka pembeni kwenye nyufa. Hakuna geti. Hakuna mtu wa risiti. Hakuna bango la kuandika jina la kilele na urefu wake, lile ambalo Kilimanjaro watu wanalikumbatia hadi kulia. Nilisimama pale najiuliza nitaaminiwa vipi. Nikatoa simu. Simu ikawaka, ikatafuta, na wakati inatafuta ukungu ukapanda kutoka upande wa bahari ukafunika kila kitu. Nina picha saba za rangi ya kijivu. Kijana akasema tungewahi zaidi tungeona, akaangalia buti zangu, akanyamaza.

Iconi tulipita tukirudi mjini. Pale kuna mwamba mrefu juu ya bahari. Wakati watekaji wa watumwa kutoka Madagaska, Bukini kama walivyoiita wazee wetu, walipokuwa wakivamia visiwa hivi, wanawake wa Iconi walijirusha kutoka juu wasichukuliwe. Mpwa wa mzee alinionyesha kwa kidole mahali pao, akasoma Fatiha. Simu sikuitoa.

Kwenda kisiwa cha Mwali unavuka kwa mashua ya injini kutoka Chindini, kusini mwa Ngazija. Saa ya kuondoka niliambiwa asubuhi, nikaiamini asubuhi nzima. Tulikuwa tunasubiri friji. Friji ni la bibi harusi, kwa hiyo hakuna aliyelalamika isipokuwa mimi, na mimi sikueleweka. Lilipofika likapewa nafasi ya katikati, likafungwa kwa kamba, likavishwa turubai. Sisi abiria tukajipanga pembezoni. Mkondo wa maji pale haucheki na mtu. Kilichoingia tumboni mwangu asubuhi kilirudi kwa awamu. Bibi mmoja akanipa ndimu ninuse, akanishika bega muda wote bila kukatiza hadithi aliyokuwa akimsimulia mwenzake.

Mwali ndicho kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu, mbali na Maore waliyobaki nayo Wafaransa. Mwaka 2020 UNESCO ilikitambua kuwa hifadhi ya uhai anuwai. Kuna popo huko, popo wa Livingstone (kwa nini kila kitu Afrika lazima kiwe cha Livingstone), anayepatikana Mwali na Nzwani tu duniani, mabawa yakifunguka yanafika karibu mita moja na nusu. Anaruka mchana, tena kwa kuelea taratibu juu ya mabonde. Picha ninayo. Shemeji anasema ni doa kwenye kioo cha simu.

Lakini kilichonipeleka ni kasa wa Itsamia. Kijiji chenyewe kimejipanga kuwalinda. Wenyeji ndio walinzi na ndio waongozaji. Ukifika unapewa masharti na mtu asiye na sare wala haraka: usiwashe tochi, usisimame mbele yake, usiongee, na simu iingie mfukoni, maana mwanga unamvuruga. Tukakaa mchangani gizani. Nilianza kunung'unika moyoni kuhusu mbu, kisha ukatoka majini mwamba, ukatembea.

Alikuwa mpana kuliko meza yangu ya kulia. Anavuta hatua moja, anapumzika, anahema kwa sauti ya binadamu aliyepanda ghorofa. Alipofika anapopataka akaanza kuchimba kwa mapezi ya nyuma, kwa zamu, kulia, kushoto, anachota mchanga na kuuweka pembeni taratibu sana bila kuangalia anachofanya. Mayai yakaanza kudondoka, mawili mawili, matatu, yana utelezi. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Mlinzi akaninong'oneza kwamba hivyo ndivyo anavyotoa chumvi mwilini, nisimwonee huruma. Akafukia. Katika kufukia akanirushia mchanga wa uso mzima, ukaingia jichoni na kinywani, na hakugeuka. Sijawahi kupuuzwa na kiumbe kiasi kile nikaridhika. Akarudi baharini akituacha pale, na simu zetu zote ziko mfukoni, zimezimwa, hazijui lolote.

Niliporudi Ngazija nikakuta harusi ya lile friji. Kumbe friji lilikwenda Mwali kupambwa tu kwa shangazi, likarudi. Ngazija wana ndoa kubwa, anda, na ukitaka kuelewa ng'ombe wetu wanaishia wapi, uliza hapo. Mwanamume anaweza kuwa ameshaoa, ana wajukuu, ana shahada za Ufaransa, lakini kama hajafanya ile ndoa kubwa kwa utaratibu wake, na dhahabu yake, na ng'ombe wake, na karamu za mji mzima, basi kwenye uwanja wa mji, bangwe, hana sauti. Anakaa na vijana. Watu wanajichanga miaka na miaka, wengine wanatuma fedha kutoka Marseille mpaka nywele zinaisha. Rais Ali Soilih alijaribu kuizuia miaka ya sabini. Yeye alipinduliwa mwaka 1978, harusi zikaendelea. Mimi na mvi zangu zote nilionyeshwa kwa heshima kubwa mahali pa kukaa, na nilipoangalia kushoto na kulia, wenzangu walikuwa wa umri wa kidato cha nne. Mjomba wa bwana harusi akaniambia kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Usijali bwana, siku yako itafika."

Nikarudi nyumbani. Ukoo ulikaa. Simu ikachukuliwa mkononi mwangu kabla sijavua viatu.

"Picha ziko wapi?" shemeji aliuliza. Nikamwonyesha. Kijivu, kijivu, kijivu. Doa. Halafu gombesa wa kwenye kioo. Akamvuta kwa vidole viwili, akamtazama kwa makini. "Huyu si chewa?" Nikaeleza miaka milioni 66, vipeperushi, ndege ya jeshi. Akasema chewa wa Feri ni mkubwa zaidi. Akaaga, ana foleni ya kuikimbia.

Mke wangu alibaki. Hakutaka kasa wala volkano. Aliuliza harusi: dhahabu kiasi gani, nani alilipa, nguo gani. Nikawa najibu huku nafungua mabegi, na kwa uchovu wa safari nikataja, kwa kupita tu, kwamba Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Baba na kaka na wajomba wanamjengea binti, akiolewa mume ndiye anayehamia kwake, na mali hiyo inarithiwa kwa upande wa mama. Kukawa na utulivu. "Rudia hapo," alisema.

Alimpigia kaka yake usiku uleule. Sikusikia yote, nilisikia tu, "Kaka, na mimi kiwanja changu kiko wapi?" Jumapili iliyofuata shemeji hakuja. Alisema anaumwa mgongo.

Tangu hapo habari imefika kwenye kikoba cha mke wangu. Wale akina mama, ambao wakisikia Komoro walikuwa wanauliza kama ni Kenya au wapi, sasa wanapanga safari ya Agosti, msimu wa harusi, Wakomoro wa Ufaransa wanaporudi kwao na dhahabu barabarani. Mweka hazina ameshauliza nauli, hakutetereka. Hakuna aliyeulizia maduka. Mimi sijaalikwa, nimeitwa tu kwenye kikao kutoa maelezo kuhusu mirathi, nikasimamishwa mbele, nikaulizwa maswali ya ufafanuzi mpaka chai ikaisha. Swali la mwisho liliulizwa na mke wangu mwenyewe, mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida kabisa: nyumba tunayokaa, hati yake iko kwa jina la nani.

Hati nimeihamisha kutoka kabatini. Nilikoiweka sisemi, hata hapa.